Sahani ya Mayai ya Tumboni

Jumapili, katikati ya masika. Mvua imekatika saa nne hivi, matope hayajakatika. Banda linanuka, goti linaniuma, na moyo umechacha kama togwa ya juzi.

Wote wanaisimulia vibaya.

Kuanzia kijiwe cha kahawa mpaka saluni ya wadada pale kona, kila mtu ana ya kwake. Huyu anasema nilimlisha binti yangu kuku wa sindano. Yule anasema nimempa jini kizazi cha mwanangu, ndio maana matetea wangu wanataga kuliko wa watu. Juzi nimepanda bajaji kutoka Segerea, dereva hanijui simjui, njia nzima ananihadithia habari yangu mie mwenyewe. Mwisho akanishauri kabisa: "Mzee wangu, ukifika Tabata kuna babu mmoja anafuga, usije ukanunua mayai yake."

Nikamwambia asante mwanangu, sasa nishushe hapo kwenye geti la huyo babu.

Aligeuza bajaji kama kaona trafiki.

Basi leo naiandika mie. Shule sina, darasa la pili nilimwachia mwalimu na fimbo yake, lakini simu hii nikiiongelesha inaandika yenyewe, na inapokosea naisahihisha kwa dole gumba. Na kwenye mambo ya mayai, mjini hapa sijamwona wa kunifundisha. Nimeanza kufuga Tabata ikiwa bado mikorosho. Kuku akipita mbele yangu najua kama kesho atataga, na kama atataga kwa moyo mmoja au kwa kununa.

Haya. Tausi ni binti yangu, kitinda mimba. Kaolewa na Twaha, kijana wa watu wa milimani huko Same, wanakaa Segerea na mama yake Twaha. Ndoa imekwenda miaka mitano sasa. Mtoto hakuna.

Mambo ya mwezi ya mwanamke baba hatakiwi kuyajua. Lakini mama yake Tausi tumemzika mwaka jana, sasa ayajue nani? Nimeyajua mie. Ya Tausi yanakuja kama maji ya bomba: wiki hii yapo, halafu miezi unafungua unasikia upepo tu.

Sasa watu wanapokosea ni kwenye chanzo.

Kwangu nikichinja tetea aliyezeeka, tumboni unamkuta na mayai ambayo hayajavaa ganda. Viini vitupu, vya njano, vimepangana kimoja kikubwa, kinachofuata kidogo yake, kingine kidogo zaidi, mpaka vile vya kama mtama vimeng'ang'ania uti wa mgongo. Mkufu kabisa. Sie tunaita mayai ya tumboni. Marehemu mke wangu alikuwa anayapika kwa tui la nazi, na mgao unajulikana: firigisi ya baba, mayai ya tumboni ya Tausi. Alikuwaga anakaa mlangoni kwa jiko na kibakuli chake kabla hata sijamaliza kunyonyoa.

Alikula. Sikatai. Nani mtaa ule hakula?

Ila hakuna aliyesema neno juu ya kula kule mpaka kwenye msiba wa mama yake. Na aliyesema ni Kabula.

Kabula ni Mnyamwezi, anauza mkaa mtaa wa pili. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa yake. Anaweza kukuvamia msibani, akakutukana, akavaa nguo za marehemu na kuongea kwa sauti ya marehemu, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa. Mie mwenyewe kwao nimeshazuia maiti asitoke mpaka nikapewa jogoo. Hakuna Mnyamwezi mjini hapa anayefiwa bila kuuliza kwanza mie niko wapi.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamekaa kwenye mikeka, Kabula akaingia kavaa dera la mke wangu, manyoya ya kuku kichwani, akakaa kwenye kiti changu. Akafungua mdomo ikatoka sauti ya marehemu, ile ile ya puani, mpaka mwili ukanisisimka.

"Baba Tausi, nilikwambia nikiwa hai na nakwambia nikiwa mfu. Mtoto umemlisha mayai ya tumboni, sasa na ya kwake yamekaa tumboni. Hayatoki ng'o. Yanasubiri tui la nazi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mie nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikalia, na kilio chenyewe nilikuwa nakitafuta tangu tulipotoka makaburini. Utani kazi yake ndio hiyo.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Twaha.

Watu wa kwao na sie hatuna utani. Yeye kaona nguo za marehemu, kasikia sauti ya marehemu, kasikia "nilikwambia nikiwa hai." Kwake yeye ule ulikuwa wosia.

Na wosia una miguu. Ukatoka msibani ukaenda Segerea, ukarudi Tabata umenenepa. Tausi hospitali walishampa vidonge, Mama Twaha akavitumbukiza chooni, eti kidonge gani kitashinda neno la mama aliyekufa? Akampeleka kwa bibi mmoja Temeke anayesafisha vizazi. Bibi akamnywesha mizizi ayatapike mayai ya utotoni. Mayai yaliyoliwa mtoto hajaota meno ya ukubwani. Alitapika, masikini, akatapika mpaka nyongo. Alipokuja kunisalimia mashavu yameingia ndani, pete ya ndoa anaifunga na uzi isidondoke.

Twaha si mtu mbaya, ila mama yake akikohoa, yeye ndiye anatema. Akanipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, mama anasema masika haya yakiisha bila dalili yoyote, nioe mwingine, au nimrudishe Tausi kwa heshima."

Kwa heshima. Kama mtu anarudisha sufuria la shughuli.

Basi nikamchukua mwanangu nikampeleka hospitali mie mwenyewe. Daktari alikuwa mama mmoja taratibu, umri wake unamzidi Tausi kidogo tu. Akampiga picha ya tumbo, akanigeuzia kioo nikaona. Vidoa vyeusi vimejipanga ukingoni, vidogo vidogo, vinalingana. Nikamwambia, daktari, hivyo nimeshaviona kwa matetea zaidi ya ulivyoviona wewe kwa wanawake. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, ngoja kwanza nikueleze."

Nitaeleza nilivyoelewa, kama daktari anapitaga humu mtandaoni atanirekebisha.

Kila yai la mwanamke linakaa ndani ya kifuko chake. Kuta za kifuko zimejengwa kwa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, wanaita seli. Kila seli inabeba maelekezo yote ya mwili, yale ya kurithi kwa baba na mama, wanaita jeni. Lakini maelekezo hayafanyi kazi yote kwa mpigo, mengi yamelala. Anayeyaamsha na kuyalaza ni homoni. Ubongo unatuma ya kwanza, ikifika kwenye kifuko inaamsha jeni hizi, inalaza zile, kifuko kinaanza kukua na kutengeneza homoni zake chenyewe. Kikikaribia kukomaa, zinaamka jeni nyingine zinazokiwekea masikio ya kusikia homoni ya pili. Hiyo ya pili ikija kwa kishindo, kifuko kinapasuka, yai linatoka.

Nikamwambia, daktari, hiyo si ngoma ya mwali? Kina mama wamekaa pale, kila mmoja ana nyimbo zote kifuani, ila hauimbwi hata mmoja mpaka ngoma itoe mdundo wake. Mdundo ukibadilika, wimbo ule unanyamaza, mwingine unaamka. Na wimbo wa kumtoa mwali nje hauimbwi siku ya kwanza.

"Karibu hivyo, mzee wangu, si hivyo kabisa," akasema. "Sasa kwa Tausi, mdundo wa mwisho unapigwa kwa nguvu wakati vifuko bado vidogo. Na homoni za kiume zimezidi kidogo. Vifuko vinaanza safari vizuri, vinachanganyikiwa, vinasimama. Hakuna hata kimoja kinachofika mlangoni. Watu wanaita uvimbe. Sio uvimbe, ni mayai yaliyosimama njiani. Dawa za kuyaamsha zipo, ila zinataka subira na zisikatishwe."

Nilitaka kuandika hapa kwamba aliita wenzake waje wanisikilize habari ya ngoma. Hakuita mtu. Mie mkweli.

Nikamuuliza sasa lile lililonipeleka. Mayai ya tumboni aliyokula utotoni, yanahusika?

Akasema hapana. Kile ni chakula, kilipikwa, kikaliwa, kikaisha.

Roho yangu ikatua. Nikashika fimbo ninyanyuke niondoke na ushindi wangu. Daktari akaongeza, "Mara nyingi tatizo hili linatembea kwenye ukoo. Hakuna shangazi au mama mdogo aliyehangaika kupata mtoto?"

Nikamuuliza linapitia kwa mama tu?

"Hata kwa baba, mzee wangu."

Nikakaa tena.

Nilikuwa na dada, Mwanahawa. Aliachika mara mbili kwa kutozaa. Alikuwa na ndevu tatu nne kidevuni, sie wadogo zake tukimwitaga Sharifu, naye anacheka, ananyoa kwa wembe wa marehemu baba. Amekufa anaitwa tasa. Homoni za kiume zimezidi kidogo. Kumbe zile ndevu zilikuwa zinaongea miaka yote.

Nilienda hospitali kuitetea sahani, nikarudi nimekamatwa na damu.

Tausi alikuwepo, kasikia yote kama nilivyosikia mie. Njiani alikuwa anaangalia nje tu. Nikamtania, nikamwambia bora ndevu hukurithi. Zamani angenijibu akanimaliza.

Ijumaa baada ya swala nikaenda Segerea kwenye kikao na wakwe. Tausi alikuwa ameshatangulia kwake. Nilienda na Kabula, akaumeze mwenyewe utani wake, na nilienda na tetea mmoja mzima kwenye kikapu. Tetea bora bandani. Wazo lilikuwa langu, na ni wazo ambalo profesa angelilipia nauli kuja kuliona.

Kabula alivaa baibui safi, kanawa mkaa mpaka kwenye kucha. Akaongea taratibu kama bibi harusi.

"Mama Twaha, dada yangu, ule ulikuwa utani. Marehemu hakusema vile. Nilisema mie, kwa mdomo wangu huu."

"Utani unavaa nguo za maiti?"

"Kwetu unavaa."

"Na mbona umetimia?"

Kabula akaziangalia kucha zake. Nimetaniana na yule mwanamke tangu nywele zangu nyeusi, sijawahi kumwona kakosa jibu. Nilimwonea huruma kama mtu kavuliwa nguo sokoni.

Nikasema basi, maneno yametosha, nileteeni kisu na beseni. Nikamchinja tetea pale uani, nikanyonyoa, nikafungua tumbo mbele yao wote. Na Mungu si Athumani, mkufu ulikuwa kamili. Kikubwa cha kutagwa kesho yake, wadogo zake nyuma, mpaka ile mitama.

Nikawafundisha. Nikasema mkufu huu kila jike anao. Kuku anao, mbuzi anao, wewe Mama Twaha ulikuwa nao ndio tukampata huyu Twaha. Kwa mwanamke yamejificha zaidi, lakini nayo yanangoja mdundo wake. Kuku wangu umeme ukikatika siku nyingi wanaacha kutaga, na chakula ni kile kile. Wamekosa mwanga, ubongo umekosa habari, ngoma imenyamaza. Kwa Tausi ngoma inapigwa ovyo, na yupo daktari anayejua kuirekebisha. Sahani haihusiki.

La ukoo sikulisema. Tausi naye hakulisema. Tuliangaliana tukaliacha.

Mama Twaha alinisikiliza mpaka mwisho. Simlaumu sana yule mama, Twaha ndiye mtoto wake pekee, naye kaburi lake analitafutia mjukuu wa kulipalilia. Akainama, akayachukua yale mayai kwenye bakuli, akaingia jikoni. Tukasikia mbuzi ya nazi inakuna. Twaha anasugua kioo cha simu kwa shati.

Akatoka na sahani. Kayapika na tui, kama marehemu mke wangu alivyokuwa anapika. Akaiweka mbele ya Tausi.

"Haya, Baba Tausi. Kama hayana neno, mwanao na ale."

Na Tausi alikula.

Alinawa mkono, akasema bismillahi, akaanza na kile kikubwa. Akala kimoja kimoja bila haraka, vilivyobaki vile vidogo akavizoa na tui kwa kidole. Akamsogezea mkwewe sahani, akamwambia, "Mama, limebaki tui, na lenyewe nile?" Mama Twaha akainamisha kichwa. Twaha akasema basi mama, tuiache dawa ifanye kazi yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ukisikia tofauti, mpe huyo msemaji simu yako aisome hapa.

Nimeenda kufunga banda, nimerudi. Nimejikalisha nikaisoma tena yote, kuanzia juu.

Tausi hakula.

Mengine yote ni kweli, hilo moja nimelitunga. Alinawa mkono, hiyo kweli. Mkono ulifika ukingoni mwa sahani ukasimama. Akaniangalia. Daktari alimsikia kwa masikio yake, tumbo la kuku kaliona kwa macho yake, nyimbo na ngoma zote kazielewa kuliko mie, form four kamaliza huyu. Mkono haukwenda.

"Baba, nisamehe," akasema, akaurudisha ndani ya mtandio.

Mama Twaha aseme nini tena?

Nikaivuta ile sahani mie. Nikala yote, kuanzia kikubwa mpaka mitama, mbele ya wakwe zangu, mzee mzima, mjane, nathibitisha kwamba mayai ya tumboni hayaharibu kizazi. Hakuna aliyecheka. Hata Kabula hakucheka, na ule ndio utani mkubwa kuliko wote niliowahi kuufanya maishani.

Twaha alibeba begi la Tausi mpaka barabarani. Kwa heshima.

Ile bajaji yenye dereva wa ushauri, sikuwa peke yangu. Tausi alikuwa pembeni yangu na begi lake mapajani, kasikia kila neno.

Sasa yuko chumba cha nyuma. Vidonge vyake anameza, nasikia karatasi yake ikipasuka kila jioni, hilo silitungi. Twaha hajapiga simu. Chakula anakula ugali na mchicha, na nikikaanga mayai anasema kashiba kabla hajakaa.

Kesho akija mteja anataka tetea wa kuchinjwa, nitamwambia achukue mzima akachinje kwake. Tausi akiniuliza kwa nini, sijui nitatunga nini.